Thankful Hakufa Mdogo

Ukitaka kujua nani anafuga nini katika mji wa New London, nenda ofisi ya karani wa mji siku za mwisho za Juni. Leseni za mbwa huisha siku moja kwa mji mzima, na watu wa huku, kama watu wa kwingine kote, hungoja mpaka siku ziwaishie. Siku hiyo foleni ilitoka kaunta ikapita mlangoni ikafika ngazini, na kila aliyekuwemo alishika cheti cha chanjo mkono mmoja na kamba ya mbwa mkono wa pili. Joto lilikuwa limebana na ofisi nzima ilinuka manyoya na kahawa.

Katikati ya zogo hilo alisimama msichana asiye na mbwa. Huyo ni Corinne Quash, miaka thelathini na mmoja, mkaguzi wa vyuma vilivyochomelewa katika kiwanda cha nyambizi ng'ambo ya mto. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Alivaa suruali ya jinzi na blauzi nyeupe ya kitani isiyo na mikono, na nywele zake alizisuka mabutu mawili manene yaliyokutana kisogoni. Mkononi alikuwa na daftari na kalamu ya wino. Juu ya kiatu chake cha kushoto alikuwa ameketi mbwa mnene wa masikio marefu.

"Samahani, dada," alisema mwenye mbwa. "Huyo akishakaa, hainuki mpaka apende mwenyewe."

"Ana jina?"

"Shemasi."

"Basi mwambie Shemasi mguu wangu si benchi la kanisa."

Yule kijana akacheka. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imeungua jua, miwani yake imefungwa waya kwenye mkono mmoja, penseli imechomekwa sikioni. Corinne alimtazama mara moja, halafu akamtazama tena, na mara ya pili hakuwa na sababu.

Zamu yake ilipofika, karani, Bi. Pagano, hakuinua macho. "Mbwa wa aina gani?"

"Sina mbwa. Nataka Kitabu cha Saba cha hati za ardhi."

"Kitabu cha Saba kiko kwa fundi wa majalada. Kitarudi katikati ya Agosti. Vingine unaweza kuviona, lakini hiyo kalamu itie mkobani. Chumba cha vitabu ni penseli tu."

"Sikuja na penseli."

Mkono ukapita juu ya bega lake ukiwa na penseli. "Chukua hii," akasema mwenye Shemasi. "Unamtafuta nani humo?"

"Mtu aliyekufa mdogo."

"Nani?"

"Thankful Hallowick."

Kijana aligeuka rangi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mimi ni Silas Hallowick," akasema.

Corinne alimpima kutoka kiatu mpaka utosi. "Kumbe. Nyinyi ndio mnaomnyamazia bibi yetu kila Agosti."

Hadithi yote iko hapo, kwa hiyo niiseme sasa tuendelee. Jabez Hallowick alishuka pwani hii mwaka 1651 akitoka Uingereza, akapewa ardhi ambayo waliompa hawakuwa na haki ya kuitoa, akazaa watoto wanane. Wazao wake wana chama. Kila Jumamosi ya pili ya Agosti hupiga hema kando ya makaburi ya kale, wakala supu ya kombe na viazi, na saa saba mchana mwandishi wa nasaba huita ukoo kwa majina ya wale watoto wanane. Wazao wa Jonathan, simameni! Husimama na tepe zao za kijani. Wazao wa Mercy, simameni! Husimama na za manjano. Wakifika wa nane, Thankful, hawaiti mtu. Kitabu cha ukoo cha mwaka 1894, kilichoandikwa na Mchungaji Lucius Hallowick, kinasema alizaliwa 1681 akafa 1683: "alikufa mdogo." Basi utepe mweusi huwekwa juu ya kiti kitupu, na watu mia mbili huinamisha vichwa dakika nzima.

Sasa akina Quash wa mji huohuo, watu weusi waliokuwa hapa kabla mji haujawekewa barabara ya mawe, wamewaambia watoto wao kizazi hata kizazi kwamba Thankful hakufa. Alifika miaka ishirini akaolewa na Quash, mtu huru, fundi wa mapipa, na babake akamfungia mlango. Bibi yake Corinne, Alberta Quash, alikodiwa kupika kwenye mkutano ule mwaka 1958, akiwa na miaka ishirini na mitano. Hebu fikiria. Watu mia mbili wamefumba macho kumlilia mtoto, na kizazi cha mtoto huyo kimesimama nyuma yao kimeshika upawa. Dakika ilipoisha Alberta alimwendea mwenyekiti akamweleza. Mwenyekiti alicheka. Akamwambia alete karatasi, kisha akamwonyesha masufuria.

"Mimi ndiye mwandishi wa nasaba," Silas alisema pale kaunta, sauti chini, huku mbwa wa watu wakibweka. "Chama kinataka karatasi kwa kila kizazi. Wewe unazo ngapi?"

"Vizazi kumi na viwili, nimekosa kiungo kimoja. Thankful na mwanawe."

"Niletee hicho, nitakuandika mwenyewe kitabuni."

"Kwa penseli au kwa wino?"

"Kwa wino."

"Usiahidi usichoweza, kaka," akasema Corinne, lakini penseli hakuirudisha.

*

Jumamosi ile Silas alimnunulia mkate wa kambakoche uliolowa siagi ya moto, wakala wamekaa ukutani kwenye gati huku vivuko vya Long Island vikiingia na kutoka. Jumatano alimpigia simu wakati wa chakula cha mchana, na Alhamisi, na Ijumaa mara mbili. Alikuwa mwalimu wa kemia, shule zimefungwa, na muda alikuwa nao wa kumwaga.

"Hujambo, binamu."

"Niite binamu tena nikate simu."

"Lakini ni kweli. Binamu wa mara ya kumi."

"Kwa karatasi ya nani? Si unasema bado sijathibitisha? Mpaka hapo mimi ni mpita njia tu."

"Mpita njia mwenye mabutu."

"Umeyapenda?"

"Shemasi ndiye ameyapenda. Mimi ninafikisha salamu."

Waswahili husema binamu nyama ya hamu, na kwa binamu wa mara ya kumi hakuna mchungaji wala daktari atakayenyanyua kidole. Corinne hakuwa mtu wa kudanganyika haraka. Kazi yake ni kumulika vyuma kutafuta ufa usioonekana kwa macho, na kwa Silas alimulika wiki tatu nzima asiuone. Akampeleka kwa bibi yake.

Bibi Alberta alikuwa na miaka tisini na mmoja na moyo uliokwisha kumlaza hospitali mara mbili tangu baridi ya mwaka uliopita. Daktari alikuwa amemwambia Corinne kando, kwa upole, asiihesabu sana Agosti nyingine. Lakini Jumapili ile kikongwe alikuwa jikoni kwa miguu yake, anakaanga mikate ya unga wa mahindi.

"Wewe ndiye Hallowick?"

"Ndiye, Bibi."

"Keti. Una shingo yao. Walikuwa wakiinamisha vichwa naziona zote kwa nyuma, nyekundu, zimepangwa kama nyanya sokoni. Unakula?"

"Ninakula."

"Sikiliza, kijana. Utepe wenu siutaki, ardhi siitaki, na kwenye picha yenu sina haja ya kukaa mbele. Nataka kitu kimoja. Nataka siku moja kabla sijaenda waite jina la Thankful kama wanavyoita ya wenzake, na sisi tuitike. Mtu aliyezaa hanyamaziwi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Kitabu cha Saba kikirudi tu."

"Ongeza siagi hiyo. Umekonda."

Wakirudi, garini, Silas alimshika Corinne mkono. "Nakupenda," akasema, akitazama barabara.

"Sema ukinitazama."

"Nikikutazama nitagonga taa."

"Gonga."

Aliegesha kando kwanza, mtu wa tahadhari yule, kisha akamtazama akasema tena. Corinne akambusu mbele ya duka la vifaa vya uvuvi, na mwenye duka akawapigia makofi dirishani.

*

Tarehe kumi na nane Julai fundi wa majalada alimpigia simu Silas, kwa kuwa chama cha Hallowick ndicho kilichogharimia jalada jipya. Alimwambia kurasa zimekauka, aje azione kabla hajazishona. Silas alikwenda. Akafungua faharasa akaanza na H, kama alivyofanya babake, na babu yake, na Mchungaji Lucius. Thankful hakuwemo. Kisha akakumbuka mikate ya mahindi jikoni, akaona aibu, akafungua Q.

Ukurasa wa 212. Mimi Thankful Quash, mjane, binti wa Jabez Hallowick na mkewe Mercy, wote marehemu, nauza fungu la msitu nililoachiwa na mama yangu, ekari nane, kwa ridhaa ya mwanangu wa kuzaa Peter Quash. Mwaka 1729. Chini yake alama ya T, imechorwa na mkono usiozoea.

Miaka mia na thelathini ya watafuta nasaba, wenye shahada, wenye miwani, wenye safari za kwenda Uingereza kusoma mawe ya makaburi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua herufi isiyokuwa yake. Waliona hayumo kwenye H, wakaandika amekufa. Hayo yote yanaweza kuitwa ujinga, na mjinga husamehewa. Linalofuata haliitwi ujinga.

Silas alipiga picha akaipeleka kwa shangazi yake Winifred, mwenyekiti wa chama, mwanamke wa miaka sabini na minane mwenye lulu shingoni hata akilima bustani. Winifred ndiye aliyemlea Silas tangu mama yake alipofariki. Alisoma, akaweka simu kifudifudi mezani.

"Vizuri sana," akasema. "Baada ya mkutano tutaunda kamati."

"Shangazi, bibi yao ana miaka tisini na mmoja."

"Na mimi nina wageni mia mbili na ishirini, wengine wanatoka Ohio. Hawakupanda ndege ili wabomolewe kitabu cha babu zao. Mwakani, Silas. Sisemi hapana, nasema mwakani. Kwa ajili yangu."

Mwakani! Mtu ambaye daktari hampi Agosti nyingine anaambiwa mwakani, na aliyeambiwa amwambie anaitikia kwa kichwa. Silas alikubali, akanywa chai yake, akaenda zake. Kesho yake alikaa jikoni kwa Bibi Alberta, na alipoulizwa kama kitabu kimerudi, akajibu bado.

Tarehe sita Agosti Corinne alichoka kungoja. Wakati wa mapumziko alitoka nje ya kiwanda, kofia ngumu bado kichwani, akampigia fundi wa majalada mwenyewe, Bi. Wanda Oleksy, kumuuliza kitabu kitarudi lini.

"Unataka ukurasa gani?" Bi. Oleksy aliuliza, mtu mwema asiyejua anachokifanya.

"Sijui bado. Natafuta jina la Quash."

"Ah, 212. Lakini Bwana Hallowick aliupiga picha tangu tarehe kumi na nane Julai. Alikaa hapa akausoma mpaka chai niliyompa ikapoa. Hakukwambia?"

Corinne alimshukuru. Akasimama pale kwenye uzio, magari ya mizigo yakipita, akapiga namba nyingine.

"Silas. Leo tarehe ngapi?"

"Sita. Kwa nini, mpenzi?"

"Na tarehe kumi na nane Julai ulikuwa wapi?"

Simu ikanyamaza.

"Hicho," akasema Corinne. "Hicho kimya ndicho nilichokuwa nakiulizia."

"Corinne, ningekwambia..."

"Tarehe kumi na tisa ulikula mikate sita ya bibi yangu. Nilihesabu, kwa kuwa nilifurahi kukuona unakula. Akakuuliza kitabu kimerudi? Ukamwambia bado, siagi inakuchuruzika kidevuni."

"Shangazi aliniomba ningoje mkutano upite. Amenilea. Nilidhani wiki chache..."

"Umemwona bibi yangu akipanda ngazi? Unajua anapumzika mara ngapi? Mara tatu, Silas, na ngazi zenyewe ni tisa. Wewe ukamgawia wiki zake kwa shangazi yako."

"Nilikosea."

"Mchungaji wenu alimwandika mfu mtu aliye hai kwa uvivu wa kufungua herufi moja. Lakini yeye hakujua. Wewe umejua siku kumi na tisa, na kila siku ukiniita mpenzi. Nani mbaya kati yenu?"

"Mimi."

"Angalau hilo umelijibu kwa wakati."

Akakata, akaifungia namba yake. Alirudi kazini akakagua viungo arobaini na viwili, akakataa kumi na mmoja, na wachomeleaji wakaambizana leo msimsogelee. Saa ya kutoka alikaa garini akalia kwa hasira, na hasira ilipokwisha akaendelea kulia kwa jambo jingine.

*

Silas alipiga simu mara nyingi zisizopita. Siku ya pili akaacha kupiga, akachapisha ile picha ya ukurasa wa 212, akaenda kwa Bibi Alberta wakati Corinne yuko kazini. Kikongwe alikuwa barazani anamenya mahindi.

"Corinne hayupo," akasema. "Na angekuwepo, wewe usingekuwepo."

"Nimekuja kwako, Bibi. Nimekuletea hiki. Ningekileta wiki tatu zilizopita, nikaogopa. Naomba radhi."

Bibi Alberta alifuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akasoma. Alisoma polepole kama mtu anayesoma barua ya mwanawe kutoka vitani. Alipofika chini aliweka kidole juu ya ile alama ya T na hakukiondoa. Silas alisimama ngazini, hakuthubutu kuketi.

"Hakujua kuandika," akasema Bibi hatimaye.

"Hakujua, Bibi."

"Lakini walimwita mjane, wakaandika mwanangu wa kuzaa. Alisema mwenyewe, wakaandika." Akavua miwani. "Radhi ya hapa barazani sina. Umekosa kwa kunyamaza, na mahali pa kunyamazia mnapo, Jumamosi, saa saba. Kaombe radhi huko. Na hii karatasi inabaki kwangu."

"Inabaki kwako."

"Nenda basi. Mahindi hayamenyeki yenyewe."

Jumamosi asubuhi Corinne alikuta bibi yake ameshavaa: gauni la zambarau la Pasaka, soksi nyeupe, kofia yenye unyoya.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Kwenye mkutano wa ukoo wangu. Nipeleke."

"Kwa wale? Mimi sikanyagi."

"Basi usikanyage. Niegeshe mlangoni nitatambaa."

Corinne aliendesha amenuna njia nzima. Hakuwa amevaa vya mkutano. Alikuwa na gauni lake la kaniki la buluu la kila siku na viatu vya mpira, lakini mdomo alikuwa ameupaka rangi nyekundu, na hilo alilifanya garini kwenye taa bila kujiuliza kwa nini. Waliketi meza ya nyuma kabisa, karibu na sufuria za supu. Watu waligeuka kutazama, wakatabasamu lile tabasamu la huku, la meno bila macho.

Saa saba Silas alipanda jukwaani na suti ya kitani na utepe wa kijani. Aliwaona. Akafungua karatasi yake. Akaita: wazao wa Jonathan, wakasimama. Wazao wa Mercy, wakasimama. Saba wote wakaitwa, viti vikalia, watoto wakacheka, watu wa Ohio wakapiga picha. Winifred akainuka na utepe mweusi, akaenda kwenye kiti kitupu.

"Thankful," akasema. "Alikufa mdogo. Tuinamishe vichwa."

"Msiinamishe," akasema Silas.

Vichwa vilivyokuwa nusu njia vikakwama.

"Kitabu chetu kinasema Thankful alikufa akiwa na miaka miwili. Kitabu cha Saba cha hati za ardhi za mji huu kinasema aliuza ekari nane akiwa na arobaini na minane, mjane wa Quash, mama wa Peter. Wafu hawauzi msitu. Tumesema uongo miaka mia na thelathini, na tumeusema tumefumba macho."

"Silas," Winifred akasema, bado amesimama na utepe. "Kuna utaratibu. Kuna kamati."

"Kamati itanikuta hapa, Shangazi. Sijamaliza. Mimi niliiona hati hii tarehe kumi na nane Julai. Nilijua, nikala kwenye meza ya wazao wake, nikawaambia bado. Hakunizuia mtu. Shangazi aliomba, mimi ndiye niliyekubali. Waliofanya kosa hili kabla yangu hawakujua, mimi nilijua, kwa hiyo langu ni kubwa kuliko yao, na naomba radhi mbele yenu." Akakunja karatasi. Hakuihitaji tena. "Wazao wa Thankful, simameni."

Bibi Alberta alishika meza. Corinne akataka kumsaidia, akasukumwa mkono. Alisimama kwa hatua tatu kama anavyopanda ngazi, akapumua kati ya kila moja, na watu mia mbili na ishirini wakangoja.

"Tupo," akasema. "Tulikuwepo siku zote."

Corinne akasimama kando yake. Meza mbili za wazao wa Jonathan ziliinuka zikatoka, wakawasha magari yao, na safari njema kwao. Wengine walibaki, wengi wao wakitazama sahani zao. Mzee mmoja wa utepe wa manjano alianza kupiga makofi, akajikuta peke yake, akaendelea hivyohivyo mpaka wa pili akaungana naye.

Winifred alikuja taratibu hadi meza ya nyuma. Utepe mweusi ulikuwa bado mkononi mwake, hakujua auweke wapi.

"Huo sivai," Bibi Alberta akamwambia. "Sijafiwa."

"Bi. Quash, sijui niseme nini."

"Usiseme. Mwaka hamsini na nane ulikuwa na mkia mmoja wa nywele na utepe wa buluu. Ulikuja na bakuli mara mbili, nikakupakulia mara mbili. Upawa ule pale. Leo nipakulie."

Hema zima lilisikia. Lulu za Winifred zilipanda zikashuka. Kisha akaushika upawa, akapakua supu, akaileta kwa mikono miwili ili isimwagike, akaiweka mezani. Bibi Alberta akaketi, akatia kijiko, akaonja bila haraka.

"Chumvi haijakolea," akasema, akaendelea kula.

*

Silas alimkuta Corinne kwenye uzio wa makaburi, mbele ya jiwe la Jabez.

"Corinne."

"Umefanya vizuri."

"Naomba..."

"Nimesema umefanya vizuri. Sijasema yamekwisha." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ungekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi, ningekusahau Jumanne. Bado nakupenda, na ndiyo inayoniuma. Ulininyamazia siku kumi na tisa. Na mimi nakunyamazia kumi na tisa, uonje. Usinipigie, usinipitie, usinitumie mbwa."

"Na ya ishirini?"

"Ya ishirini simu yangu itakuwa wazi. Nikipokea, nimepokea."

Alimchukua bibi yake wakaenda. Silas alihesabu siku zile kama mfungwa. Alizunguka nyumba, akamwogesha Shemasi ambaye hakuwa mchafu, akaandika upya kurasa arobaini za kitabu cha ukoo. Corinne naye alikuwa akishika simu mara ishirini kwa siku na kuiweka, na Bibi Alberta, aliyekuwa bado anapanda ngazi zake tisa, alikuwa akimtazama na kuguna.

Asubuhi ya siku ya ishirini, saa kumi na mbili na nusu, simu ililia jikoni. Corinne aliiacha iite mara moja tu.

"Unatafuta nini asubuhi yote hii?"

"Nakutafuta wewe. Nimeanzia herufi Q."

Corinne alifunika mdomo asicheke. Bibi yake aligeuza mkate kikaangoni, masikio yote yako mezani.

"Kitabu kinakwenda mtamboni Jumanne," Silas akasema. "Nimemaliza wazao wa Thankful. Mko mia tatu na kumi na saba. Kila mtu ana mistari mitatu: amezaliwa, ameoa au ameolewa, amefariki. Ya bibi yako nimeiandika. Wako mmoja umenikwamisha."

"Mstari upi?"

"Wa pili. Nimeuacha wazi. Nilitaka nikuulize, kabla hakijachapwa, kama unaweza kuniruhusu niandike jina langu."

Mkate uliungua kidogo upande mmoja. Bibi Alberta hakuuondoa.

"Silas," Corinne akasema. "Ile penseli yako bado ninayo."

"Najua."

"Njoo uichukue. Andika kwa penseli kwanza. Wino nitakupa mwenyewe, nikishaona."

"Nakuja sasa hivi?"

Bibi Alberta akanyoosha mkono, akachukua simu. "Njoo sasa hivi," akasema, "na uje na siagi, imekwisha."